Sekunde 10 za video ya penseli: nichore picha ngapi, na kwa nini runinga mpya inaniharibia filamu?

Mwanga_na_Kivuli aliandika:

Wapenzi wenzangu wa filamu na katuni, nawasalimu. Nina maswali mawili ambayo mtu akiyatazama harakaharaka ataona hayahusiani, lakini kwangu yalizaliwa usiku mmoja, na nahisi kwamba mzizi wake ni mmoja.

Usiku huo nilirudia kuitazama video ya wimbo “Take On Me” wa kundi la a-ha, iliyotoka mwaka 1985, na safari hii nilikuwa naisimamisha fremu moja baada ya nyingine, yaani kila picha moja moja inayounda video. Bila shaka mnaikumbuka: msichana ameketi mkahawani anasoma kitabu cha katuni cha mbio za pikipiki, mkono uliochorwa kwa penseli unachomoza ukurasani na kumwalika, naye anaushika na kuingia ndani ya hadithi. Nilipoganda mahali pale mkono unapochomoza, niliona jambo ambalo miaka yote lilikuwa limenipita. Mistari ya kivuli kwenye vidole haikai mahali pamoja hata mara moja; katika picha hii imelala, katika ifuatayo imesimama, katika ya tatu imepungua nusu, na bado mkono wenyewe unasogea kama wa mtu aliye hai. Tangu hapo sina utulivu. Ninataka kutengeneza kipande changu cha sekunde 10 kwa kutumia simu janja ya kurekodia, kishikwambi chenye kalamu na saa chache za jioni. Simu yangu hurekodi fremu 30 kwa sekunde, yaani picha 300 kwa jumla, hesabu ambayo inanikatisha tamaa kabla sijaishika kalamu. Je, ni lazima kuchora zote?

Swali la pili linahusu runinga. Baada ya video hiyo nilifungua filamu ya vibonzo ya “Spider-Man: Into the Spider-Verse” ya mwaka 2018 kwenye runinga mpya tuliyonunua nyumbani. Kwenye kompyuta nilikuwa nimeizoea ikiwa na mwendo wa kukatika-katika, kama mtu anayefunua kurasa za kitabu cha katuni kwa kidole gumba. Kwenye runinga ilikuwa inateleza, na kingo za wahusika zilikuwa zikiyeyuka kila wanaporuka. Watu wa nyumbani hawakuona tatizo lolote. Mimi sikuweza kuimaliza.

Niongeze jambo moja ambalo si swali hasa. Ninaambiwa mara kwa mara kwamba mapenzi yangu yametawanyika, leo filamu, kesho katuni, keshokutwa video za muziki na vifaa vya kielektroniki, na kwamba afadhali nishike kimoja. Moyoni nasadiki kwamba ninapenda kitu kimoja chenye sura nyingi, ila sijapata maneno ya kulieleza hilo.

Penseli_HB alijibu:

Ndugu mleta mada, jibu la swali lako la kwanza ni picha 120, na huenda zikapungua.

Filamu za sinema huonyeshwa kwa fremu 24 kila sekunde, kiwango kilichoshika mizizi tangu sauti ilipoingia katika filamu mwishoni mwa miaka ya 1920. Wachoraji wa vibonzo, kwa upande wao, waligundua zamani kwamba mchoro mmoja ukishikiliwa kwa fremu mbili, jicho linaukubali bila kinyongo, kwa hiyo sekunde moja huhitaji michoro 12. Sekunde 10 ni fremu 240, nusu yake ni 120. Mahali ambapo kitu kimetulia unaweza kushikilia mchoro kwa fremu tatu, nne au zaidi, na hapo ndipo utaokoa nguvu. Ukichora picha 10 kila jioni utamaliza kwa siku 12. Bandu bandu huisha gogo. Ili upate kipimo cha kazi yenyewe, katika video uliyoitaja wahuishaji Michael Patterson na Candace Reckinger walichora juu ya fremu zipatazo 3,000, na kazi hiyo iliwachukua wiki 16.

Kabla ya kurekodi, weka simu yako kwenye fremu 24 kwa sekunde. Kuna mtego mmoja hapa ambao huwanasa wengi: simu nyingi hubadilisha kasi ya fremu zenyewe kwa siri, hasa mwanga unapopungua, na ukija kuzitoa fremu unakuta umbali wa muda kati yake haulingani. Rekodi penye mwanga wa kutosha, na utumie programu ya kamera inayoweza kufunga kasi isibadilike. Kisha zitoe fremu, ziingize katika programu ya kuchorea (Krita na Blender zote ni za bure na zinafaa), uweke kila fremu kwenye tabaka la chini ikiwa imefifishwa, na uchore kwenye tabaka la juu.

Sasa nifike kwenye ile mistari ya kivuli, kwa maana hapo umeona siri yenyewe. Mkono ule una mistari ya aina mbili. Mstari wa ukingo, unaozunguka vidole na kiganja, umefuata picha ya kamera kwa uaminifu, na ndiyo maana mwendo unaonekana wa mtu hai. Mistari ya ndani, ile ya kivuli, imechorwa upya kila mara kwa mkono huru, wala mchoraji hakujaribu kuilinganisha na picha iliyotangulia. Mtetemo unaouona unatokana na tofauti hiyo. Ukinakili kivuli kutoka mchoro mmoja hadi mwingine ili kuokoa muda, mtetemo utakufa na picha itaonekana kama karatasi iliyokatwa na kuburutwa. Ukiuacha ukingo nao ucheze ovyo, mkono utageuka moshi.

Kosa la pili ni kuchora kila kitu kinachoonekana. Nilipojaribu mara ya kwanza nilichora uso wa mtu, na katika michoro 40 nilifuata kila unywele wa nyusi, kila kunyanzi na kila kivuli cha pua. Nilipouchezesha, uso ulikuwa kama umevamiwa na siafu. Nilirudia kwa mistari 9 tu kwa kila mchoro: taya, kope mbili, nyusi mbili, pua, midomo miwili na ukingo wa nywele. Papo hapo mtu akatokea, akanitazama. Hesabu mistari yako kabla hujaanza, na uheshimu hesabu hiyo hadi mwisho.

Kurasa_Mbili alijibu:

Naunga mkono aliyosema Penseli_HB, ila ningekushauri usianze na picha ya 1. Anza kama mtu anayepanga ukurasa wa katuni. Chukua karatasi, chora visanduku sita, na ujiulize ni nyakati zipi sita ambazo msomaji asipoziona hataelewa kilichotokea. Hizo ndizo nguzo zako. Zichore kwanza kwa ukamilifu, kisha ujaze zilizo katikati.

Katika katuni, mwendo huzaliwa kwenye ule mwanya mweupe kati ya kisanduku na kisanduku, ambamo hakuna kilichochorwa. Scott McCloud alilieleza hilo vizuri mwaka 1993 katika kitabu kuhusu katuni ambacho chenyewe kimeandikwa kwa katuni: msomaji anaona shoka limeinuliwa, anaona kisanduku kinachofuata kina ukelele gizani, na pigo lenyewe analitia yeye kwa akili yake. Filamu ina mwanya huohuo, isipokuwa umekuwa mwembamba kiasi kwamba haupatikani kwa macho. Ukichora mchoro mmoja kwa fremu mbili unaupanua kidogo mwanya huo na kumrudishia mtazamaji sehemu ya kazi yake. Nadhani hicho ndicho unachokipenda katika filamu ile ya Spider-Man, na ndicho runinga yako imekunyang’anya.

Watengenezaji wa filamu wanalijua jambo hili. Lana na Lilly Wachowski walikuwa wameandika hadithi za katuni kabla ya kuongoza “The Matrix” ya mwaka 1999, na michoro ya kupangia filamu hiyo waliwapa wachora katuni, Steve Skroce na Geof Darrow. Tukio maarufu la shujaa anayekwepa risasi huku kamera ikimzunguka lilipigwa kwa kamera za picha za kawaida zipatazo 120, zilizopangwa kwa kumzunguka mwigizaji, kila moja ikitoa picha moja tu. Zikitandazwa mezani utapata safu ya visanduku vya katuni. Eadweard Muybridge alifanya jambo linalofanana mwaka 1878 kwa kamera 12 na farasi anayekimbia, wakati sinema haijazaliwa.

Fundi_Skrini alijibu:

Mimi nitajibu swali la runinga, kwa kuwa huo ndio uwanja wangu, na niseme mapema kwamba runinga yako haina ubovu. Inafanya kile ilichoamriwa kiwandani.

Skrini ya kawaida hujionyesha upya mara 60 kwa sekunde, na filamu ina fremu 24. Namba 60 haigawanyiki sawasawa kwa 24, kwa hiyo fremu moja huonyeshwa mara tatu, inayofuata mara mbili, kisha tatu tena, na kuendelea hivyo. Kamera inapogeuka polepole kutoka upande mmoja wa mandhari hadi mwingine, mtu mwenye jicho kali huona mwendo unachechemea kidogo. Skrini ya mara 120 haina tatizo hilo, kwa kuwa kila fremu huonyeshwa mara tano kamili. Watengenezaji hawakuishia hapo, hata hivyo. Waliweka ndani ya runinga kichakataji kinachotazama fremu mbili zinazofuatana, kikakisia kitu kilikuwa wapi katikati yake, kisha kikatengeneza fremu mpya ambazo hakuna mtu aliyezipiga wala kuzichora. Kwenye mpira wa miguu hilo halina madhara makubwa, kwa kuwa matangazo ya michezo huja yakiwa na picha 50 au 60 kwa sekunde, na kichakataji kina mengi ya kulinganisha. Kwenye katuni inayoshikilia kila mchoro kwa fremu mbili, mkono wa shujaa huruka umbali mkubwa kati ya mchoro na mchoro, kichakataji kinapotea njia, na kingo zinachanika au kuyeyuka jinsi ulivyoeleza.

Katika filamu uliyoitaja madhara yanafika hadi kwenye hadithi yenyewe, nami hili linaniuma kuliko yote. Waliotengeneza filamu ile waliacha kwa makusudi ule ukungu wa mwendo ambao filamu za kompyuta huwa nao, na mwanzoni walimwendesha Miles, kijana ambaye ndiye shujaa wake, kwa picha 12 kwa sekunde. Litazame tukio la msituni ambapo anajifunza kuning’inia akiwa na Peter B. Parker, Spider-Man mzoefu anayemfundisha: Peter anasogea kwa picha 24, Miles kwa 12, na bila neno moja kusemwa tunauhisi upungufu wake wa ujuzi. Anapokomaa, naye anapewa 24. Runinga inayojaza fremu za kukisia inawasawazisha wote wawili tangu dakika ya kwanza, na safari ya kijana yule inafutika.

Nenda kwenye mipangilio ya picha na utafute sehemu ya mwendo. Kila kampuni ina jina lake: Samsung huiita Picture Clarity (zamani Auto Motion Plus), LG huiita TruMotion, Sony huiita Motionflow. Izime kabisa. Runinga nyingi mpya pia zina hali iitwayo Filmmaker Mode, iliyotangazwa mwaka 2019 kwa makubaliano ya makampuni na waongozaji wa filamu, ambayo huzima hayo yote kwa mkupuo mmoja na kuacha rangi zilivyokusudiwa. Mwaka mmoja kabla ya hapo Tom Cruise na mwongozaji Christopher McQuarrie walirekodi video fupi ya kuwasihi watazamaji wauzime mpangilio huu, kwa hiyo hauko peke yako katika kilio chako.

Tahadhari moja. Ikiwa skrini yako ni ya OLED, pikseli zake, yaani nukta ndogo zinazounda picha, hubadilika karibu papo hapo, hivyo kila fremu hukaa wazi na kali hadi inayofuata, na kamera inapogeuka utaona mruko kuliko kwenye skrini za LCD, ambazo pikseli zake hubadilika polepole zaidi na hivyo huficha mruko huo. Wapo wanaowasha ulainishaji huo wa mwendo katika daraja la chini kabisa ili kupunguza mruko huo. Mimi naona ni bora kuuzoea. Baada ya filamu mbili au tatu jicho halishughuliki nao tena.

Filamu_Bubu alijibu:

Wenzangu wamelijibu la penseli na la runinga. Naomba nishike lile ambalo umesema si swali hasa, kwa kuwa historia ina jibu lake, nalo lina jina la mtu.

Mbinu ya kuchora juu ya picha ya kamera, ambayo leo unataka kuijaribu, ilibuniwa na Max Fleischer. Mtu huyu alianzia kwenye gazeti la Brooklyn Daily Eagle akichora katuni, kisha akawa mhariri wa michoro wa jarida la Popular Science Monthly, ambalo kazi yake ilikuwa kuwaonyesha wasomaji mashine na uvumbuzi mpya. Katuni kwa mkono huu, mashine kwa mkono ule: ndipo lilipozaliwa wazo la kifaa kinachomulika fremu ya filamu kwenye kioo ili mchoraji aifuatishe kwa penseli. Ndugu zake walimsaidia. Ndugu yake Dave alivaa mavazi ya mchekeshaji akacheza mbele ya kamera, na mchezo wake ukachorwa. Ombi la hataza liliwasilishwa mwaka 1915 na likakubaliwa mwaka 1917. Kishikwambi chako chenye tabaka lililofifishwa ni kioo kilekile cha Fleischer.

Kisha tazama alikoelekea. Kuanzia mwaka 1924 studio yake ilitoa filamu fupi za nyimbo, ambazo baadaye ziliwekewa kijimpira kinachorukaruka juu ya maneno ili ukumbi mzima uimbe pamoja. Mwaka 1932 mwanamuziki Cab Calloway alirekodiwa akicheza, na mwendo wake ukachorwa ukawa wa mzimu katika kibonzo cha Betty Boop kilichobeba wimbo wake “Minnie the Moocher”; tuite nini hiyo kama si video ya muziki, miaka 53 kabla ya ile ya a-ha? Mwaka 1933 studio hiyohiyo ilimtoa Popeye kwenye katuni za magazeti ikamleta kwenye skrini, na mwaka 1941 ikafanya vivyo hivyo kwa Superman, ambaye alikuwa amejitokeza katika vitabu vya katuni mwaka 1938. Filamu, muziki, katuni na mashine vilikuwa ndani ya studio moja, chini ya mtu mmoja.

Uzi huo haukukatika. Steve Barron, aliyeongoza video ya “Take On Me”, alikuwa ameongoza “Billie Jean” ya Michael Jackson mwaka 1983. Mwaka 1985 huohuo aliongoza “Money for Nothing” ya Dire Straits, ambayo wahusika wake waliundwa kwa kompyuta wakati watazamaji wengi hawajawahi kuona kitu cha namna ile. Na mwaka 1990 aliongoza filamu ya “Teenage Mutant Ninja Turtles”, iliyotokana na katuni ambayo Kevin Eastman na Peter Laird waliianzisha mwaka 1984. Wahuishaji wa ile video ya Dire Straits, Ian Pearson na Gavin Blair, walikuwa miongoni mwa waundaji wa “ReBoot” ya mwaka 1994, tamthilia ya runinga iliyotengenezwa yote kwa kompyuta, na hadithi yake inatokea ndani ya kompyuta. Wanaokuambia umetawanyika waonyeshe orodha ya kazi za Barron, kisha uwaulize angeacha ipi.

Mwanga_na_Kivuli aliandika:

Nawashukuru nyote kwa dhati. Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka kurudi na kitu mkononi.

Nilimrekodi dada yangu akifungua kitabu kwa mkono wa kulia, sekunde 10, fremu 24, karibu na dirisha lenye mwanga mwingi. Nilianza na visanduku sita jinsi Kurasa_Mbili alivyoelekeza, na kile cha nne, ambapo kidole kinagusa ukurasa, nilikirudia mara tano. Kwa jumla nimechora picha 104, kwa kuwa mwanzoni mkono umetulia na nilishikilia michoro michache kwa fremu nne. Mistari 11 kwa kila mchoro: minane ya ukingo, ambayo sikuisaliti, na mitatu ya kivuli, ambayo niliiachia mkono wangu. Picha ya 61 ina kasoro, kidole cha shahada kimenenepa ghafla, na kwa kasi ya kawaida hakuna anayeiona isipokuwa mimi. Nimeamua kutoifuta.

Kwenye runinga niliuzima ulainishaji, nikakichezesha. Kivuli kikatetemeka, mkono ukafunguka, kitabu kikafunuka. Kisha nikauwasha tena bila kumwambia mtu. Mistari yangu mitatu ya kivuli ikageuka ukungu wa kijivu unaotambaa juu ya vidole, na mama, ambaye usiku ule wa kwanza hakuona tatizo lolote, akaniambia nirudishe ile ya mwanzo, kwa sababu ile ilikuwa imechorwa.

Sasa nataka kipande cha pili kiwe na muziki, na kila pigo la ngoma liangukie kwenye mchoro mpya. Je, kuna hesabu yake?

Penseli_HB alijibu:

Ipo, nayo ni nyepesi. Fremu 24 kwa sekunde ni fremu 1,440 kwa dakika. Gawanya kwa idadi ya mapigo ya wimbo kwa dakika, utapata fremu kati ya pigo na pigo. Wimbo wa mapigo 120 hukupa fremu 12, yaani michoro 6. Mapigo 90 hukupa fremu 16, michoro 8. Mapigo 144 hukupa fremu 10, michoro 5. Ziepuke kwa sasa nyimbo za mapigo 100, kwa kuwa utapata fremu 14.4, na baada ya mapigo machache mkono utakuwa umeachana na ngoma.

Kwa mkono unaofungua kitabu ningechagua mapigo 90. Michoro 8 inatosha ukurasa kuinuka, kusimama wima na kulala upande wa pili, na ule wa nane uuchore pigo linapokaribia, ukurasa ukiwa bado haujagusa.